Gitaa, Mke Wangu na Mteremko wa Ochanomizu

Usiku mmoja mwaka 2022 nilirudi nyumbani njaa inaniuma. Nikanawa mikono, nikaketi mezani, nikafunua kawa. Chini ya kawa hakukuwa na wali wala mchuzi. Kulikuwa na karatasi moja, imelainika kwa maji ya kufulia lakini namba bado zinasomeka: Sh 520,000.

Ilikuwa risiti ya amplifaya yangu. Ile ambayo nilimwambia mke wangu nimeinunua kwa laki mbili na nusu.

Mpenzi msomaji, kama umeoa au umeolewa utanielewa. Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa upande wa pili wa meza, akasema taratibu: "Pesa siyo tatizo, baba. Tatizo ni kwamba kuanzia leo kila ukinitajia bei, nitaizidisha mara mbili."

Na kweli, kwa miaka miwili alizidisha. Nikisema nyanya ni elfu tatu, ananiangalia. Nikisema fundi wa gari kataka laki moja, anacheka kidogo, anaondoka. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu safari ninayotaka kuwasimulia, safari ya kwenda Tokyo kununua gitaa langu la kwanza la ukweli, ilianzia pale mezani.

Kimeo changu

Mimi si mwanamuziki wa kulipwa. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na mizigo yenyewe zaidi ni magari ya mtumba kutoka Japani. Lakini Jumamosi jioni tunakutana washikaji watano kwenye gereji moja Tabata, tunapiga zilipendwa. Mara moja moja tunaitwa kwenye harusi. Mimi napiga solo.

Nilikuwa na gitaa la umeme nililolinunua Kariakoo kwa laki na themanini. Bwana wee, lile lilikuwa kimeo. Nyuzi zilikaa juu ya shingo kama nyaya za TANESCO, vidole vinauma mpaka kijiko unakishika kwa shida. Unalityuni, unapiga wimbo mmoja, wa pili limeshatoka kwenye njia. Kitufe cha sauti kikiguswa tu, linakwaruza kama redio ya mbao inayotafuta stesheni. Kila nilipokosea, washikaji wakanigeukia, nami nilikuwa na jibu tayari: "Si mimi, ni gitaa."

Jibu hilo likumbukeni. Nitalirudia.

Marehemu baba yangu alikuwa mpenzi mkubwa wa Mbaraka Mwinshehe. Sahani zake za santuri ndizo zilizonifundisha kwamba gitaa linaweza kuongea kama mtu. Kisa alichopenda kukisimulia ni cha mwaka 1970, pale Morogoro Jazz Band, Mbaraka akiwemo, walipokwenda Japani kupiga kwenye maonyesho makubwa ya Expo 70 mjini Osaka. "Fikiria," baba alikuwa akisema, "kijana wetu, gitaa mkononi, mbele ya Wajapani." Mwaka 1973 Mbaraka akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, hajafika hata miaka 35. Lakini kichwani mwangu, tangu utotoni, Japani na gitaa vilikaa chumba kimoja.

Kwa hiyo ofisi iliponiambia, Novemba 2024, kwamba naenda Yokohama siku kumi kwa mafunzo ya kazi, jambo la kwanza lililoniijia halikuwa mafunzo.

Nikamwambia mke wangu. Sikupamba. Nikasema nataka gitaa zuri, nataka sana, na Japani yanauzwa yaliyotumika yenye hali nzuri. Alinyamaza muda mrefu. Tulikuwa na fedha ya kuzungushia ukuta kiwanja chetu Chanika.

"Milioni mbili," akasema mwisho. "Isizidi hata senti. Na una masharti mawili. Siku ya kwanza ukienda dukani, nenda mikono mitupu. Ulale, uamke, ndiyo ununue. Halafu kabla hujatoa hela, unipigie."

Milioni mbili, nilipoibadilisha, ikatoka yeni 114,000 hivi.

Maji ya chai

Mtaa wa magitaa Tokyo uko eneo linaloitwa Ochanomizu. Jina hilo maana yake ni maji ya chai, kwa sababu zamani palikuwa na chemchemi ambayo maji yake yalitumika kupika chai ya shoguni, mtawala wa enzi hizo. Siku hizi maji hayo huyaoni. Utauona mto Kanda ukipita chini kabisa ya korongo, na treni zikipishana juu yake, zingine zinatokea ndani ya ardhi na kuzama tena upande wa pili. Simama juu ya daraja la Hijiribashi dakika tano tu, utazisahau foleni za Mandela Road.

Nilitoka Yokohama Jumamosi asubuhi. Treni mpaka stesheni ya Tokyo haifiki dakika arobaini. Pale nikabadilisha, nikapanda treni ya mstari wa rangi ya chungwa, Chuo, stesheni ya pili nikashuka. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nikatoka nje, nikavuka barabara, na hapo hapo nikasimama.

Hebu fikiria Kariakoo mtaa mzima wa vitenge, duka baada ya duka. Sasa toa vitenge, weka magitaa. Barabara inaitwa Meidai-dori, kwa jina la Chuo Kikuu cha Meiji kilichopo pale pale. Inateremka kutoka stesheni kuelekea chini, na pande zote mbili ni maduka ya ala za muziki. Magitaa dirishani, magitaa kwenye ngazi, magitaa yametundikwa ukutani mpaka darini. Duka moja lina ghorofa kadhaa: huku besi, kule magitaa ya mbao yasiyotumia umeme, juu kabisa yale ya bei ambayo hata kuyatazama unaona aibu. Vyuo vimejaa eneo hilo, na wanafunzi ndio wateja wake wa miaka mingi. Niliwaona wenyewe, watoto wa miaka 18, wamebeba magitaa mgongoni kama sisi tunavyobeba mabegi ya laptop.

Maduka mengi hayafunguliwi mpaka saa tano asubuhi, basi ukiwahi kama mimi utabaki unapiga picha madirisha. Nami nilipiga, kama mtalii asiye na haya.

Neno moja tulilolijua sote

Nikaingia duka la kwanza. Ustaarabu wa pale usiuchezee: huchukui kitu ukutani mwenyewe. Unaomba. Mimi Kijapani changu ni cha kuombea radhi tu, na kijana wa duka Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa Kiswahili bila kufikiri: "Gitaa."

Akatabasamu. "Gitaa!" akaitikia.

Kumbe na wao wanaliita hivyo hivyo. Neno hilo moja, na vidole vyetu kumi kumi, vilitutosha kwa siku mbili.

Akalishusha gitaa kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. Akalifuta. Akalityuni yeye mwenyewe. Akaliunganisha kwenye amplifaya, akapunguza sauti, akanivutia kiti. Kabla ya kunipa akaonyesha kwa kidole mkanda wa suruali yangu: ile bakoli ya chuma itakwaruza mgongo wa gitaa. Nikauvua. Ndiyo, msomaji, nilivua mkanda dukani Tokyo.

Kilichonigusa zaidi ni karatasi. Kila gitaa lililotumika limening'inizwa karatasi inayoeleza hali yake. Kijana alinifafanulia kwa simu yake inayotafsiri: hapa pamekwaruzwa, kitufe hiki si cha asili, freti zimelika kiasi hiki. Sisi wa bandarini tumezoea hati za mnada za magari ya Japani zinazoonyesha kila mkwaruzo kwenye mchoro wa gari. Ni tabia ile ile. Hakuficha kitu. Kibaya alikitaja kabla sijakiona.

Nikamkumbuka mke wangu. Nikaona aibu kidogo.

Gitaa linapimwaje?

Nilikuwa nimejiandaa miezi. Nawapa kwa ufupi, kwa sababu yanafaa hata ukinunua Dar, Nairobi au Bujumbura.

Kwanza, lipige bila umeme. Gitaa la umeme halina tumbo wazi, lakini ukilikumbatia utausikia mtetemo wake kifuani. Likiwa limekufa bila umeme, umeme hautalifufua.

Pili, liinue kama unalenga bunduki, tazama shingo kutoka kichwani kuelekea chini. Iwe imenyooka, au iwe na upinde mdogo sana wa kwenda mbele. Upinde unarekebishika, kwa sababu ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayokazwa. Ikiwa imepinda kama kamba, yaani upande mmoja hivi na mwingine vile, ondoka.

Tatu, piga kila uzi kwenye kila freti, taratibu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sikiliza panapozizima au panapolia kama nyuki. Tazama freti zenyewe: zikiwa na mashimo chini ya nyuzi, siku si nyingi utalipa fundi azibadilishe, na hiyo kazi si ya bei ya chipsi.

Nne, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uupige, usikie sauti nyembamba. Kisha kandamiza pale pale, piga tena. Sauti hizo mbili zilingane. Zisipolingana, omba fundi arekebishe daraja. Likigoma kurekebishika, gitaa hilo litakuaibisha ukipanda juu.

Tano ndiyo uunganishe umeme. Zungusha vitufe vyote, sukuma swichi pande zote. Kazi ya umeme hapa inafanywa na pikapu. Siyo ile ya kubebea mchanga! Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, unazaa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Basi, hakuna uchawi.

Na hapo kuna somo la kuokoa mkwanja wako: gitaa la kawaida la umeme halichomekwi ukutani, kwa hiyo ukilinunua Japani litafanya kazi popote. Amplifaya ni hadithi nyingine. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ukibeba amplifaya ya kule ukaichomeka hapa bila transfoma, utasikia solo moja tu, halafu moshi.

Mapacha wawili

Sasa tuje kwenye jaribu lenyewe.

Nilikuwa natafuta Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kulitoa mwaka 1954. Hata kama hujui jina, umbo lake unalijua: pembe mbili kwa juu, pikapu tatu, limechongwa kiunoni na mbavuni ili likae vizuri mwilini. Ajabu ni kwamba Leo Fender, mwenye kampuni, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio.

Miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilinakili magitaa ya Kimarekani vizuri kiasi kwamba wenyewe wakashtuka. Mwaka 1982 Fender wakaamua kushirikiana nao, ikazaliwa Fender Japan, na magitaa ya kwanza yakatengenezwa na kiwanda cha FujiGen, mji wa Matsumoto. Kwa hiyo Stratocaster ya Japani si feki. Jina kichwani ni lile lile, kwa ruhusa ya mwenye jina.

Duka la tatu, ghorofa ya pili, nikayakuta yametundikwa karibu karibu. Mawili, rangi moja: kahawia katikati, nyeusi kingoni, kama machweo ya Bagamoyo. Moja limetengenezwa Japani miaka ya 1990, bei yeni 123,200. Jingine limetengenezwa Marekani, yeni 294,800.

Bei hizo zilikuwa pamoja na kodi. Mwaka huo 2024, mgeni wa muda mfupi akionyesha pasipoti kwenye duka lenye kibali, kwa manunuzi ya kuanzia yeni 5,000, kodi ya asilimia 10 inatolewa. Hesabu ikawa 112,000 kwa 268,000. La kwanza liko ndani ya milioni mbili. La pili linakula milioni nne na nusu na zaidi.

Nikapiga yote mawili.

Sitawadanganya, nimeshaacha. La Marekani lilikuwa zuri zaidi. Si sana. Kingo za shingo zilikuwa zimelainishwa zaidi, mkono unateleza wenyewe. Sauti za juu zilikuwa na utamu fulani. La Japani lilikuwa zito kidogo, na lilikuwa na mkwaruzo mgongoni, lakini lilikuwa imara, limetyuniwa na likatulia hapo hapo, nyuzi ziko chini, kila freti inaongea. Ubao wa shingo yake, pale vidole vinapokanyaga, ni mti wa rosewood. Ukoo wake ni mmoja na mpingo wetu, ule wa Mpingo wa Lindi na Kilwa unaotengenezewa klarineti duniani kote. Nikaupapasa, nikaona kama nimekutana na binamu ugenini.

Lakini moyo, bwana. Moyo ulibaki kwa Mmarekani.

Na hapo shetani akavuta kiti. Posho yangu ya siku kumi nilikuwa sijaigusa sana. Nilikuwa nakula tambi za kopo hotelini. Ukijumlisha posho na ile milioni mbili, ilitosha. Na jambo lililonitisha ni hili: uongo huu ungekuwa kamili. Magitaa ni mapacha. Jina ni lile lile, rangi ni ile ile. Mke wangu angeyaweka pamoja mezani asingejua lipi ni lipi. Risiti? Ningeitupa Narita. Hakuna shati la kufua, hakuna kawa.

Kilichoniokoa ni sharti la kwanza. Sikuwa na hela mfukoni. Ilikuwa hotelini, ndani ya sanduku, chini ya soksi.

Nikamshukuru kijana, nikainama kama wanavyoinama, nikateremka mpaka chini kabisa ya barabara. Huko ni Jimbocho, mtaa wa vitabu vya mtumba, na pia ni maarufu kwa migahawa ya mchuzi wa kari. Nikala wali na mchuzi mzito wenye viungo, nikiwa peke yangu mezani, nawaza. Ulikuwa wali mtamu. Lakini kila nilipoinua kijiko niliiona ile karatasi iliyolainika.

Simu ya saa kumi na moja

Usiku ule sikulala vizuri. Nikajiuliza swali moja ambalo nawaomba na ninyi mjiulize kabla ya kununua kitu chochote cha ghali: nanunua sauti, au nanunua habari ya kuwasimulia watu? Pale kwenye gereji ya Tabata, feni inazunguka, mpiga ngoma anapiga kama anadai mshahara, nani atasikia utamu wa ziada wa yeni 156,000? Mimi mwenyewe nisingeusikia. Ningekuwa naujua tu. Kuujua na kuusikia si kitu kimoja.

Jumapili nikarudi. Tokyo iko saa sita mbele ya Dar, kwa hiyo nikasubiri mpaka saa kumi na moja jioni, kwetu saa tano asubuhi, ametoka misa ya kwanza. Nikampigia kwa video, simu nikaiegemeza kwenye amplifaya.

"Yako matatu," nikamwambia. Nilikuwa nimeongeza la tatu, la bei nafuu, ili nisimpe mtego wa mawili. "Nitapiga yote. Bei nitakuambia zote, za kweli, mwisho."

Nikapiga kipande kile kile kwenye kila gitaa. Nilipomaliza akanyamaza.

"Umesikia tofauti?" nikauliza.

"Sauti inakatika katika, baba, sisikii vizuri. Lakini nakuona uso. La kwanza ulikuwa unajitahidi. La pili ulikuwa unajionyesha. La tatu ulisahau kwamba niko hapa."

La kwanza lilikuwa lile la bei nafuu. La pili Mmarekani. La tatu Mjapani.

Nikamtajia bei zote. Nikamwambia na habari ya posho, na kwamba jana nilifikiria kununua la pili nimwambie ni la tatu. Sikupanga kusema, lilitoka lenyewe. Kijana wa duka alikuwa amesimama pembeni, haelewi neno, lakini nadhani alielewa kila kitu, maana aliondoka taratibu akaenda kufuta gitaa ambalo lilikuwa safi.

Mke wangu alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema: "Laki moja na kumi na mbili elfu za huko ni ngapi za kwetu?"

"Haifiki milioni mbili."

Nikasubiri azidishe mara mbili. Hakuzidisha. "Nunua," akasema. "Na ule chakula. Umekonda."

Ukifika nyumbani

Kwa wanaopenda kujua: hakuna kupatana bei pale kama Kariakoo, usijisumbue. Lakini walinibadilishia nyuzi, wakaliweka sawa upya, wakanipa na begi lake la kitambaa kinene. Kwa ndege nililegeza nyuzi kidogo, nikaizungushia shingo sweta, na nikaomba kwa unyenyekevu nipande nalo. Likapata nafasi kabati la juu. Risiti nikaiweka ndani ya pasipoti ili mtu wa forodha akiuliza nisihangaike. Na hapa Dar, kwa joto na unyevu wetu, shingo inahitaji kuangaliwa. Usiliegemeze ukutani karibu na dirisha, na nyuzi zifute kila ukimaliza kupiga, la sivyo jasho na chumvi ya bahari vitazila.

Nilifika nyumbani usiku. Mke wangu alikuwa bafuni anamwogesha mtoto. Meza imeandaliwa, kawa imefunika. Nikatoa risiti ndani ya pasipoti, nikafunua kawa, nikaiweka juu ya wali, nikafunika tena. Imejaa maandishi ya Kijapani ambayo hakuna kati yetu anayeyajua, lakini namba zao ni namba zetu: 112,000.

Akaja, akafunua. Akaisoma. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi iliyofuata nikaenda nalo gereji. Washikaji wakalizunguka kama bi harusi. Tukaanza wimbo wa kwanza, ule wenye solo ndefu inayonishinda siku zote pale katikati. Nikafika pale katikati, na nikakosea. Pale pale. Kama kawaida.

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo kusema "si mimi, ni gitaa", nikaufunga.

Hivyo ndivyo gitaa zuri linavyofanya, ndugu msomaji, na hakuna aliyeniambia kabla sijanunua. Linakunyang'anya kisingizio. Ukikosea, umekosea wewe. Basi unarudi nyumbani, unakaa kwenye ukingo wa kitanda, unarudia kile kipande taratibu mara hamsini, mpaka mwenzako anakuambia zima taa.

Ukuta wa Chanika umeanza. Kozi tatu za tofali. Na ile solo, siku hizi, katika mara tano naipata mara tatu. Nimemwambia mke wangu mara tatu, na ameandika tatu.